Abasia ya Kisiwa cha Inchcolm

Uskoti ni nchi iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa kikubwa cha Britania. Katika pwani yake ya mashariki bahari imeingia ndani ya nchi kavu, ikafanya hori refu na pana liitwalo Firth of Forth. Kusini ya hori hilo ndiko uliko Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Kaskazini yake ni nchi ya Fife. Katikati ya maji hayo mna visiwa vidogo vidogo, na vingine ni miamba mitupu isiyokaliwa ila na ndege. Kimoja katika visiwa hivyo huitwa Inchcolm. Ukubwa wake ni kama ekari 22 tu, na kilele chake hakifiki futi 120 toka baharini. Hakina mji, wala kijiji, wala shamba. Walakini kila mwaka, majira ya baridi yakiisha, watu wengi hupanda chombo kwenda kukitazama, nao hurudi siku ile ile. Kinachowavuta ni abasia ya kale, ambayo watawa wake waliondoka zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Abasia ni nyumba kubwa ya watawa wanaokaa pamoja chini ya mkuu wao, aitwaye abate, wakifuata kanuni moja ya kusali, kufanya kazi, kula na kulala. Katika Tanzania ziko abasia mpaka leo, kama zile za Peramiho na Ndanda. Zamani Uskoti nayo ilikuwa na nyumba nyingi za namna hii, lakini zile za kale siku hizi ni magofu: hapa umebaki ukuta, pale nguzo mbili tatu, na mahali pengine majani yameota juu ya misingi, hata mgeni hawezi kujua kanisa lilisimama wapi. Majengo ya Inchcolm siyo hivyo. Vyumba vya watawa vimesimama na dari zake za mawe na ngazi zake, hata mtu aweza kupita toka chumba hata chumba mvua ikinyesha, asilowe. Katika Uskoti nzima hakuna nyumba ya watawa wa kale iliyosalia vizuri kama hii. Imekuwaje basi nyumba iliyojengwa juu ya mwamba baharini, penye upepo mkali na njia ya adui, idumu kuliko zile zilizojengwa bara penye mashamba na barabara? Mgeni anayeifuata safari toka gatini hata kisiwani hulipata jibu kidogo kidogo.

Safari huanza katika mji mdogo wa South Queensferry, maili tisa au kumi magharibi ya Edinburgh. Maana ya jina hilo ni Kivuko cha Malkia. Malkia mwenyewe alikuwa Margaret, mke wa mfalme Malcolm wa Tatu, aliyekufa mwaka 1093. Hapo ndipo hori linapokuwa jembamba, na malkia huyo aliweka vyombo vya kuwavusha mahujaji waliokuwa wakienda kusali Dunfermline na St Andrews, upande wa kaskazini. Kivuko hicho kiliendelea kwa muda wa karibu miaka 900, kwanza kwa makasia na tanga, kisha kwa moshi, hata mwaka 1964 lilipofunguliwa daraja la magari, ndipo kikakoma. Vyombo viendavyo Inchcolm siku hizi havivushi watu kwenda ng'ambo. Huwapeleka kisiwani na kuwarudisha, tangu karibu na Pasaka mpaka mwezi wa Oktoba. Wakati wa baridi kali haviendi.

Abiria hushuka gati la mawe lililo chini kabisa ya daraja la reli. Daraja hilo ni la chuma, nalo lilifunguliwa mwezi wa Machi mwaka 1890. Urefu wake ni kama maili moja na nusu, na minara yake mitatu imeinuka futi 361 juu ya maji. Watu zaidi ya 70 walikufa katika kazi ya kulijenga. Chombo kikipita chini yake, na gari moshi likapita juu wakati ule ule, abiria wote huinua nyuso. Mtu huko juu huonekana mdogo kama siafu.

Baada ya daraja hori hupanuka, na upepo hubadilika. Hata mwezi wa Julai abiria wenye busara huvaa makoti. Juu ya maboya ya chuma yanayoonyesha njia ya meli hulala sili, nao ni wanyama wa baharini wenye manyoya mafupi na mapezi mahali pa miguu. Huinua vichwa, hutazama chombo, kisha hulala tena kama wazee waliochoshwa na wageni. Kiasi cha dakika arobaini na tano hivi tangu kung'oa nanga, kisiwa huwa mbele, na mnara wa abasia waonekana dhahiri.

Kati ya kisiwa na pwani ya Fife pana mlango wa bahari wa nusu maili tu. Maji yake huitwa Mortimer's Deep, yaani Kilindi cha Mortimer, na jina hilo lina hadithi yake. Wasimuliao husema kwamba Alan de Mortimer, mkubwa mmoja wa nchi, aliwapa watawa ardhi yake ya bara ili naye apate kuzikwa ndani ya kanisa lao. Alipokufa, jeneza lake la risasi lilipakiwa chomboni usiku. Dhoruba ikavuma, na watawa waliokuwa wakilivusha wakalitupa baharini ili kujiokoa. Ardhi wakabaki nayo. Kama hadithi hii ni kweli au si kweli, yaonyesha jambo moja ambalo mtu asimamaye bara, akikiona kisiwa karibu namna ile, aweza kulisahau: nusu maili ya bahari hii ilitosha kuua watu.

Kisiwa kina vilima viwili, kimoja upande wa mashariki na kimoja upande wa magharibi, na kati yake kipande chembamba cha nchi ya chini. Abasia imejengwa pale chini, ambapo vilima huikinga kidogo na pepo. Abiria wakishuka huambiwa saa ya kurudi, nao hupewa kama saa moja na nusu. Kuanzia Mei hata Julai huambiwa na neno jingine, kwamba wajihadhari na shakwe. Ndege hao hutaga mayai kwa maelfu katika majani na miamba, tena kandokando ya njia. Mtu akikaribia makinda, mama huja kwa kasi toka juu, akipiga kelele, na huweza kumgonga kichwani. Kwa hiyo sehemu nyingine za kisiwa haziendeki katika miezi hiyo. Ndege mwingine apendwaye na wageni ni pafini, mdogo kuliko bata, mwenye mdomo mpana wa rangi nyekundu na manjano. Yeye hutaga ndani ya mashimo ya udongo, wala hana ugomvi na mtu.

Sasa inafaa kueleza jinsi nyumba ile ilivyopata kujengwa mahali pale. Habari yenyewe iliandikwa na abate mmoja wa Inchcolm, Walter Bower, ambaye atatajwa tena mbele. Asema kwamba mwaka 1123 mfalme Alexander wa Kwanza, mwana wa yule malkia Margaret, alikuwa akivuka hori kwa shughuli za ufalme wake. Upepo wa kusi ukawashika kwa nguvu, ukakisukuma chombo chao mpaka Inchcolm, nao wakafika pwani wakiwa hawana tumaini tena la kuishi. Kisiwani hapakuwa na mtu ila mmoja, aliyejitenga na watu ili amtumikie Mungu kwa heshima ya Mtakatifu Columba. Mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja. Chakula chake maziwa ya ng'ombe huyo, na kome na visamaki alivyookota pwani maji yakipwa. Kwa muda wa siku tatu upepo haukutulia, na katika siku hizo mfalme na watu wake walilishwa chakula hicho hicho. Mfalme akaweka nadhiri kwamba akifika nchi kavu salama atajenga nyumba ya watawa hapo.

Alexander alikufa mwaka uliofuata, nadhiri yake haijatimia. Ndugu yake David, aliyemrithi, ndiye aliyewaleta watawa. Walikuwa makasisi waliofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino. Kwanza nyumba yao ilikuwa ndogo, chini ya mkuu wa daraja la chini. Mwaka 1235 ikapewa cheo cha abasia. Jina la kisiwa nalo latoka kwa yule mtakatifu: katika lugha ya Kigaeli maana yake ni Kisiwa cha Columba. Columba alikuwa mtawa wa Ireland aliyekaa katika kisiwa cha Iona, pwani ya magharibi ya Uskoti, akafa huko mwaka 597. Kama vile wafalme wa kale walivyotaka kuzikwa Iona, vivyo hivyo watu wengi wa mashariki walitaka kuzikwa Inchcolm. Hata Shakespeare alikitaja kisiwa hiki katika mchezo wake wa Macbeth, aliposimulia habari za watu wa Norwei walioshindwa vitani, wakalipa fedha nyingi wapate ruhusa ya kuzika wafu wao. Karibu na abasia kuna kibanda kidogo cha mawe chenye dari iliyopindwa. Huonyeshwa wageni kuwa ndicho kilichokuwa makao ya yule mwenye ng'ombe. Mtu mrefu hawezi kuingia bila kuinama.

Mgeni aingiapo katika majengo yenyewe hujikuta katika ua wa mraba wenye majani mafupi, na pande zake tatu zimezungukwa na baraza ndefu iliyofunikwa. Katika nyumba za watawa baraza hii ilikuwa mahali pa maana sana. Hapo walitembea, walisoma, na kupita kwenda kanisani bila kunyeshewa. Kwa kawaida ilijengwa kama kibanda kirefu kilichoegemezwa nyumba kubwa kwa nje, paa lake la miti. Kwa hiyo katika magofu mengi baraza ndiyo iliyotoweka kwanza: miti ikaoza au ikaungua, na risasi ya paa ikaibwa. Inchcolm walifanya namna nyingine. Waliiweka baraza ndani ya orofa ya chini ya nyumba yenyewe, wakapinda juu yake dari ya mawe manene, na juu ya dari hiyo wakajenga chumba cha kulala, chumba cha kulia na chumba cha wageni. Huenda walifanya hivyo kwa sababu ya uchache wa nafasi. Lakini dari ya mawe haiungui, haiozi, wala mwizi haina faida kwake. Baraza ile yapitika leo kama ilivyopitika miaka 600 iliyopita.

Upande wa mashariki wa ua kuna chumba kilicho kizuri kuliko vyote. Ni chumba cha baraza la watawa, kilichojengwa katika karne ya 13, nacho kina kuta nane zilizo sawa. Vyumba vya umbo hili ni nadra sana Uskoti. Kando ya kuta kuna benchi ya mawe, na juu mbavu nyembamba za mawe zimeinuka toka pembe zote nane na kukutana katikati, kama vijiti vya mwavuli uliofunguliwa. Kila asubuhi watawa waliketi hapo, ikasomwa sura moja ya kanuni yao. Kisha wakatoa habari za kazi, na mwenye kosa akaliungama mbele ya wenzake. Mtu akisema neno kwa sauti ndogo upande mmoja, husikika upande wa pili. Basi palikuwa mahali pagumu pa kunong'ona.

Juu ya chumba hicho kuna kingine, chenye mahali pa moto. Hapo watawa waliruhusiwa kuota. Anayekwenda Inchcolm wakati wa jua hupita chumba hiki haraka, lakini inampasa asimame kidogo afikiri. Katika mwezi wa Desemba jua la Uskoti huchomoza kama saa tatu asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Bahari hutupa povu mpaka kwenye madirisha. Kanuni iliwataka watawa waamke usiku wa giza washuke kanisani, wakasimame juu ya sakafu ya mawe na kuimba. Kuni za kuota hazikutoka kisiwani, maana miti hapana. Zilikuja kwa chombo, kama vilivyokuja ngano na nyama na kila kitu kingine isipokuwa samaki.

Na chombo hakikufika kila mara. Walter Bower alizaliwa Haddington kama mwaka 1385, akafanywa abate wa Inchcolm mwaka 1418. Aandika kwamba katika siku zake watawa walilazimika kukihama kisiwa wakati wa jua na wa mavuno, wakae bara, kwa kuwa bahari ikiwa shwari ndipo Waingereza walipokuja kunyang'anya. Baridi na dhoruba zikianza, adui hukaa kwao, na watawa wakarudi. Basi walikuwa na miezi ya kuogopa watu na miezi ya kuogopa maji. Mara moja, walipokuwa wamekwisha kurudi, chombo kilichotumwa bara kuleta vyakula kilizama njiani, na watu wakafa maji.

Waingereza waliogopwa kwa haki. Kwa muda mrefu tangu mwisho wa karne ya 13 nchi hizi mbili zilipigana vita, na kisiwa kilicho katika njia ya kwenda Edinburgh hakikuweza kusahauliwa. Bower asimulia kwamba mwaka 1335 meli moja ya Waingereza iliwapora watawa vitu vyao, pamoja na sanamu ya Columba. Ilipokuwa ikienda zake, bahari ikachafuka ghafula, ikawa karibu kuvunjika juu ya miamba ya kisiwa kingine, Inchkeith. Mabaharia wakalia kumwomba yule mtakatifu waliyemwibia sanamu, wakaahidi kurudisha vyote. Wakaokoka, wakavishusha katika bandari ya Kinghorn. Msomaji aweza kuikubali habari hii au kuikataa, lakini hofu iliyo ndani yake ina ushahidi mwingine. Katika maktaba ya chuo kikuu cha Edinburgh zimo karatasi chache za ngozi, zilizoandikwa katika karne ya 14, zenye nyimbo za Kilatini za Inchcolm za kumsifu Columba. Noti za muziki zimo pamoja na maneno, hata nyimbo hizo zimepata kuimbwa tena siku hizi. Mahali pamoja watawa wamwomba Columba awalinde waimbaji na mashambulio ya Waingereza. Basi hatari hiyo waliiimba mbele ya Mungu ndani ya ibada.

Katika vyumba hivyo, na kwa hofu hizo, Bower alikaa miaka zaidi ya thelathini. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake aliandika kitabu kikubwa cha Kilatini, kiitwacho Scotichronicon, chenye habari za Uskoti tangu mwanzo wake mpaka siku zake yeye. Alianza kwa kuifuata kazi ya kasisi aliyemtangulia, John of Fordun, akaiongeza sana, hata jumla ikawa vitabu 16. Alikufa mwaka 1449. Mengi yajulikanayo leo juu ya karne zile yametoka katika kalamu yake, na nakala aliyoifanyia kazi ingaliko Cambridge, katika nchi ya wale wale Waingereza. Kati ya miaka 1987 na 1998 kilipigwa chapa tena pamoja na tafsiri yake, nacho kikajaza mabuku tisa.

Mwaka 1547 adui alikuja akakaa. Majeshi ya Uskoti yalikuwa yameshindwa vibaya mno huko Pinkie, mashariki ya Edinburgh, na Waingereza wakaweka askari ndani ya abasia kwa miezi kadha, wakaifanya ngome. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1560, Bunge la Uskoti likayaondoa mamlaka ya Papa na kuikataza Misa. Katika miji mingi ya bara watu walikuwa wamekwisha kuziingia nyumba za watawa, wakavunja sanamu na madhabahu. Baada yao wakaja wajenzi. Mawe yaliyochongwa vizuri, tayari, bila mwenyewe, tena kando ya barabara: ni nani angekwenda kuchonga mengine? Basi kuta za abasia zikageuka kuwa ghala za wenye magari ya ng'ombe, na mawe yake yamo mpaka leo katika nyumba, na mazizi, na kuta za mashamba.

Inchcolm makundi ya watu hayakufika, na gari la ng'ombe halikuweza kufika. Kila jiwe lilitaka chombo na kupakia, na kuvuka maji, na kupakua. Bahari ile ile iliyowaletea watawa wanyang'anyi ndiyo iliyowazuia wachukuzi wa mawe. Tena nyumba haikuachwa tupu mara moja. Ilikuwa imepita katika mikono ya watu wa ukoo wa Stewart, nao waliyageuza majengo kuwa makao yao; na paa lenye mtu chini yake hutengenezwa. Meli zenye tauni nazo zilipata kupelekwa hapo, wagonjwa wakae mbali na miji.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilipona. Katika karne ya 15 watawa walijenga kanisa jipya upande wa mashariki, zuri kuliko la zamani, na lile la zamani likatumiwa kwa mambo mengine. Katika kanisa hilo jipya hapakusalia ila misingi na vipande vya kuta, kwa kuwa mawe yake mazuri yaliwashinda watu tamaa, wakaona yastahili hata taabu ya kuyavusha baharini. Lile la zamani, lililokwisha kuonekana halifai, ndilo lililo na mnara mpaka leo. Ndani ya tundu moja la kaburi ukutani yamebaki mabaki ya picha ya karne ya 13: makasisi wamesimama safu moja katika mavazi ya ibada, mikunjo ya nguo yaonekana vizuri, lakini vichwa vyote vimepotea pamoja na chokaa ya juu.

Juu ya mlango wa abasia palikuwa na maandiko ya Kilatini yaliyochongwa, yakiomba nyumba hiyo isimame mpaka siku ambayo sisimizi atakunywa bahari yote, na kobe kumaliza kuizunguka dunia. Aliyeyatunga bila shaka alikuwa na kicheko kidogo moyoni. Mwaka 1924 majengo yaliwekwa chini ya ulinzi wa Serikali, na tangu hapo mafundi huyatengeneza kila inapohitajika.

Lakini kabla ya mafundi walikuja askari mara nyingine. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, daraja la reli na bandari ya manowari ya Rosyth vilikuwa juu kidogo ya kisiwa, na adui angepita hapo hapo. Mizinga ikawekwa vilimani, na katika miaka ya 1916 na 1917 likachimbwa handaki la matofali lipitalo ndani ya kilima cha mashariki, ili askari wafike kwenye mizinga. Mizinga iliwekwa tena mwaka 1939. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo ndege za Kijerumani zilikuja juu ya Forth zikatupa mabomu juu ya manowari karibu na daraja. Ndilo shambulio la kwanza la ndege juu ya Britania katika vita vile. Handaki lipo bado, lenye giza na maji yadondokayo, na watoto hulipenda kuliko abasia.

Mgeni aliyepima wakati wake vema hupanda mnara kabla ya kuondoka. Ngazi yake imejizungusha kama konokono, nyembamba, na anayeshuka humpisha anayepanda kwa shida. Juu yake huonekana hori lote: Edinburgh na moshi wake kusini, madaraja magharibi, na meli za mafuta zikingoja. Toka hapo nusu maili ile ya Kilindi cha Mortimer huonekana nyembamba kama kijito, na watu watembeao katika pwani ya Fife waweza karibu kuhesabiwa.

Kisha honi ya chombo hulia toka gatini. Abiria hushuka vijia kwa haraka, wengine wakijikinga vichwa kwa magazeti na vikapu kwa ajili ya shakwe. Mabaharia hufungua kamba, na chombo hugeuza omo magharibi. Kabla hakijapita ncha ya kisiwa, ndege wamekwisha kurudi juu ya kuta za ua.